.223 au .243 kwa kulungu na koyote?

Ndugu, umeuliza kama bunduki moja ya risasi ya .223 itakutosha huko Colorado, Marekani, kwa kulungu na koyote, wale mbwa-mwitu wadogo wa huko. Kwa koyote inatosha kabisa. Kwa kulungu hapana: sheria ya jimbo inataka kaliba (kipenyo cha risasi kwa inchi) isiyopungua .24, na kichwa cha risasi cha greni 70 (kama gramu 4.5) kwenda juu, kinachopanuka kikigonga nyama.

Mimi ningechukua .243 Winchester. Ipo tangu 1955, ni ganda la risasi nene zaidi, .308, lililobanwa shingo, na teke lake ni dogo, hata bega la mgeni halilalamiki. Greni 58 kwa koyote, 95 au 100 kwa kulungu. Ila ukibadili uzito, rekebisha darubini kwenye shabaha kwanza. Risasi za uzito tofauti hazipigi mahali pamoja.