Jibu: Nani alichora Mfereji wa Panama ukichimbwa?

Mkuu, anza na Joseph Pennell, Mmarekani aliyekwenda Panama mwaka 1912, kabla maji hayajaingizwa. Tazama michoro yake ya Gatun, penye chemba za kuinua na kushusha meli kwa maji: kuta za zege zimejaa karatasi nzima, kreni zimening'inia juu, na vibarua kule chini ni vidoa tu. Umeuliza kama ametia chumvi. Hapana, chemba moja ina urefu wa mita 305!

Ukitaka rangi, mtafute Jonas Lie, aliyechora mkato wa Culebra, sehemu ya mfereji iliyokatwa kupita milimani, mwaka 1913. Ila kwangu Pennell ndiye zaidi. Moshi katika picha za Lie unapendeza mno kwa kazi iliyoua zaidi ya watu 5,600 katika kipindi cha uchimbaji wa Wamarekani pekee, wengi wao vibarua weusi wa visiwa vya Karibea.