Kulainisha ndani ya shingo ya ganda kwa unga mkavu

Mkuu, umeuliza kama ndani ya shingo ya ganda la risasi pia panahitaji kilainishi unapolibana upya ili ulijaze tena. Ndio, hata kama umeshapaka nta nje ya ganda, ndani ya shingo bado panahitaji kitu, maana lile tufe la kupanulia shingo la kwenye dai (kifaa cha kubania ganda lirudi umbo lake) likivutwa kutoka bila kilainishi linakwaruza shaba, unasikia linapiga kelele, na shingo inavutika inarefuka au inapinda kidogo, kwenye rifle hiyo sio ndogo kabisa. Chukua brashi ya nailoni inayoingia shingoni, ichovye kwenye unga wa grafiti au mika, ingiza mara moja, kung'uta, basi. Mi napendelea mika, grafiti inachafua vidole mno.

Uzuri wa unga ni kwamba mabaki kidogo hayaharibu baruti, wakati mafuta yakibaki ndani ya ganda yanaweza kuiharibu, kwahiyo ukitumia mafuta lazima usafishe kabla ya kujaza.

Ila usije ukadhani unga unatosha kwa ganda zima!! Kama unabana ganda urefu wote, mwili na shingo, paka nta mwilini kama kawaida, la sivyo ganda linanasa kwenye dai na kulitoa ni shughuli. Kama unabana shingo peke yake unga unatosha kabisa.