Fremu ya slaidi: iweke kwenye slaidi mama, na uangalie namba ya ukurasa

Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayejiandaa kutetea tasnifu yake ameniandikia wiki hii. Ameweka fremu ya maua kwenye slaidi zake zote, lakini kila akibadili slaidi fremu inacheza, na namba ya ukurasa kule chini imekatwa na mstari. Anauliza kama atafute fremu nyingine. Hapana, ndugu yangu. Hiyo hiyo inafaa, ila umeiweka mahali pasipo pake.

PowerPoint haina kitufe cha fremu ya ukurasa kama kile cha Word. Ndiyo maana wengi huchora mstatili kwenye slaidi ya kwanza, kisha wakaunakili na kuubandika slaidi moja baada ya nyingine. Mkono ukiteleza milimita moja tu kwenye slaidi ya tano, kwenye skrini ya projekta yenye upana wa mita 2 hiyo inakuwa karibu milimita 6. Wajumbe wa jopo wataiona.

Fungua View, kisha Slide Master. Kushoto zitajipanga slaidi ndogo ndogo. Panda juu kabisa uchague ile iliyo kubwa kuliko wenzake. Hiyo ndiyo slaidi mama. Ukichagua mojawapo ya zilizo chini yake, fremu itatokea kwenye aina moja tu ya slaidi na utabaki unashangaa. Nenda Insert, Shapes, chora mstatili, ndani uweke No Fill, mstari uupe unene wa pointi 4.5.

Sasa usiuvute kwa kipanya. Andika vipimo. Slaidi pana ya kawaida ina sentimita 33.87 kwa 19.05. Mstatili uupe upana wa 32.27 na kimo cha 17.45, halafu nafasi yake iwe 0.8 kutoka kushoto na 0.8 kutoka juu. Kama kompyuta yako inapima kwa inchi, andika tu “0.8 cm” kwenye kisanduku, itageuza yenyewe. Kwa nini usiubandike ukingoni kabisa? Kwa sababu unene wa mstari hugawanyika, nusu ndani na nusu nje. Ukiuweka ukingoni, nusu ya nje inapotea, na projekta isipokaa sawa inakula upande mmoja wa hiyo iliyobaki. Ukimaliza, bofya mstatili kwa kitufe cha kulia uchague Send to Back.

Hapa ndipo wengi wanapofunga na kuondoka, na hapa ndipo namba inapokatwa. Kwenye kiolezo cha kawaida, kisanduku cha namba kinaanza sentimita 17.66 kutoka juu na kuishia 18.67. Mstari wako wa chini unapita kwenye 18.25, karibu katikati yake. Ukiwa bado kwenye slaidi mama, chagua visanduku vitatu vya chini (tarehe, maandishi ya chini na namba) uvipandishe hadi 16.9. Kisanduku kikubwa cha maelezo kipunguze kimo kutoka 12.09 hadi 11.5 ili visigongane. Kisha Close Master View. Dakika kumi za kazi, na slaidi arobaini zimenyooka.

Rangi nayo isemwe wazi. Dodoma jua ni kali na kumbi nyingi za semina zina madirisha makubwa yenye pazia jepesi. Projekta haiwezi kutoa weusi. Inaongeza mwanga tu, na mwanga wa dirishani ukiongezeka juu yake, rangi hafifu zinakufa. Mstari wa njano kwenye slaidi nyeupe hautaonekana hata kutoka safu ya pili. Ukitaka rangi za bendera, acha kijani kibebe mzigo kwa pointi 6 na njano uizungushie ndani yake ikigusana nayo, si peke yake juu ya weupe. Kwa wanaoandaa mafunzo ya wakulima wa zabibu, zambarau iliyoiva inasimama vizuri.

Anayetaka pambo la picha, mathalani ua la kitenge au kichala cha zabibu, atafute faili la PNG lenye katikati tupu. JPG haina uwazi: katikati yake ni nyeupe na itafunika rangi ya slaidi yako. Na fremu iliyochorwa kwa slaidi za zamani za 4:3 usiivute ijae slaidi pana, maana inatanuka kwa theluthi moja na kila duara linakuwa yai. Mimi naona kona nne zinapendeza kuliko fremu nzima. Chukua pambo moja la sentimita 3 kwa 3, liweke kona ya juu kushoto, linakili mara tatu. La kulia liwe 30.87 kutoka kushoto, la chini liwe 16.05 kutoka juu. Tumia Flip Horizontal na Flip Vertical, si kuzungusha, la sivyo maua yataangalia pande zisizolingana.

Kumbuka pia kwamba kilicho kwenye slaidi mama kinakaa nyuma ya vyote. Picha kubwa ya shamba itaifunika fremu. Ipunguze, au kwa slaidi hiyo moja nenda Design, Format Background, utie alama kwenye Hide Background Graphics, fremu iondoke yote badala ya kubaki vipande.

Anayetumia Google Slides aingie Slide, kisha Edit theme. Kanuni ni ile ile, ila slaidi yake ni sentimita 25.4 kwa 14.29, hivyo vipimo vyangu vya juu asivinakili. Na kwa wa PowerPoint, kabla ya kuchapa nakala za jopo, ondoa alama kwenye Frame Slides na uweke kwenye Scale to Fit Paper, vinginevyo karatasi itatoka na fremu mbili.