Usilipie hilo shamba la Mchinga kabla hujaonja maji yake mwezi wa Oktoba

Mkuu, rudisha kwanza hiyo hela mfukoni.

Umeuliza mambo manne: mbegu gani ya nyanya inafaa Lindi, samadi ya kuku au ya ng'ombe, laini ngapi za umwagiliaji wa matone zitosheleze robo ekari, na nyanya utamuuzia nani. Katikati ya maelezo, kama jambo dogo tu, ukaandika kwamba robo ekari yenyewe iko Mchinga karibu na bahari, kisima kipo, maji umeyaonja juzi ni matamu, na Ijumaa unalipa kodi ya miaka miwili. Hapo nikasukuma sahani pembeni, nikaanza kuandika.

Juzi ni Juni! Mvua zetu huku kusini zimekatika Mei. Juni kisima cha pwani kinakuwa kitamu kwa sababu ardhi imetoka kunywa miezi sita mfululizo. Muulize kisima hicho hicho Oktoba atakujibu nini.

Mimi nililipa Juni 2021, Mikindani kule Mtwara, hatua kama mia tatu kutoka kwenye mikoko. Dalali alishusha ndoo mbele ya macho yangu, akachota, akanywa yeye kwanza, akanipa. Matamu kabisa. Nilikuwa na fedha za korosho nilizozitunza tangu Desemba. Kodi ya miaka miwili, laki nne. Pampu ya petroli ya inchi 2, laki tatu na nusu. Tangi na mipira ya matone, laki nane. Mbegu chotara za nyanya na hoho, dawa, vibarua, sitaki hata kujumlisha. Pembeni nikapanda matuta matatu ya maharage ya kula nyumbani.

Julai shamba lilipendeza mpaka wapita njia wanasimama. Agosti inaisha, maharage yakaanza kuungua kingo za majani, kama mtu kayapitishia kiberiti. Jirani akaniambia ni salfa, maana mikorosho ya ng'ambo ya barabara ilikuwa inapulizwa salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga na upepo ulikuwa wa kwetu. Nikaamini, kwa nini nisiamini? Wiki mbili baadaye hoho zikadumaa. Kisha nyanya zikaanza kuoza kitako: tunda bichi, zuri, ukiligeuza chini jeusi. Na kila penye tundu la matone pakawa na pete nyeupe juu ya udongo. Ile pete nilikuwa naiona kila asubuhi, nadhani ni mbolea haijayeyuka, kumbe ni chumvi.

Nikabeba jani na nyanya iliyooza mpaka duka la pembejeo. Yule bwana aliangalia sekunde tano, akanipa dawa ya ukungu. Nikarudi, akanipa mbolea ya maji ya kupulizia majani, eti inaongeza nguvu. Nikarudi mara ya tatu, akasema nyanya zina njaa, akaniuzia mfuko mzima wa mbolea ya chumvichumvi. Mara tatu nimesimama mbele yake na mara tatu hakuniuliza swali moja tu: unamwagilia maji gani? Mtu anauza pembejeo katika mji wa pwani, amezungukwa na bahari, na neno maji halimtoki mdomoni! Maji yangu yalikuwa yameshageuka chumvi, yeye ananiuzia chumvi nyingine nikaongezee. Nyanya zilinyauka ndani ya siku nne tangu nitie ule mfuko. Mpaka leo nikipita mtaa ule nakaza mwendo, maana nikisimama nitasema maneno.

Nilijua vipi kwamba ni maji? Mke wangu alikuja shambani akachemsha chai kwa maji ya kisima. Akanywa funda moja akaniuliza kama nimetia mchuzi wa dagaa. Mimi nilikuwa nayanywa kila siku tangu Juni, chumvi ikipanda kidogo kidogo, na ulimi ukapanda nayo.

Nimevuna matenga sita. Shamba zima, matenga sita.

Sasa sikiliza kinachotokea huko chini, kwa sababu dalali hatakuambia. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo ardhini pwani yanaelea juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Kwa hesabu ya wataalamu wa maji, kila mita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba chini yake mita 40 hivi za maji baridi. Inasikika raha. Lakini maana yake ukivuta kwa pampu ukayashusha maji hayo nusu mita tu, chumvi kule chini ina nafasi ya kupanda mita 20, na inapandia pale pale ulipochomeka mpira wako. Mvua hamna mpaka Novemba au Desemba. Unatoa kila siku, hakuna anayerudisha.

Upande wa pili wa uzio wangu alikuwapo bibi mmoja analima mchicha na matembele. Kisima chake kifupi, anachota kwa ndoo, jioni tu, ndoo zake kumi na mbili halafu anafunika na bati. Siku ninafunga pampu alikuja akasimama akaangalia, akaniambia, "Mjukuu wangu, kisima cha hapa ukikivuta sana kinaita bahari." Nikamwitikia kwa heshima, nikavuta kamba ya pampu. Septemba ile mimi nang'oa nyanya, yeye anafunga mafungu ya mchicha ya kupeleka sokoni. Alinipa mafungu mawili nikale na watoto, na hakusema neno lolote la "nilikuambia". Ningefurahi angesema.

Kwa hiyo, mkuu: shamba la pwani halilipiwi kabla ya kuonja maji yake Oktoba. Na usionje wewe peke yako, wala usimwulize mwenyeji, ulimi wake umezoea. Chukua mtu aliyetoka jana Masasi au Newala, mbali na bahari, mpe anywe. Fulia sabuni, uone kama povu linatoka au linakatika. Tafuta kile kipimo cha mkononi kinachosoma chumvi ya maji kwa ppm, yaani sehemu ngapi katika milioni, kinaingia mfukoni. Kwa viwango vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yakiwa chini ya ppm 450 huna wasiwasi, ukivuka 2,000 hayo si ya bustani. Mimi yangu nilipokuja kuyapima yalikuwa 2,600.

Huwezi kusubiri Oktoba? Basi usilipe miaka miwili. Lipa mpaka Septemba, acha pampu dukani, chota kwa ndoo, pima kila Jumamosi na uandike ukutani. Panda mchicha, huo unavumilia. Maharage yatakufa ya kwanza na hoho zitafuata. Au ipe bahari mgongo: bonde la Lukuledi liko huko huko Lindi, kuna watu wanalima mboga kiangazi kizima na hawajui hii habari ninayokusimulia. Dalali atakuambia kuna mtu mwingine analitaka shamba, mwenye shamba anataka jibu Ijumaa. Na mimi niliambiwa Ijumaa. Huyo mtu mwingine sijamwona mpaka leo.

Samadi: ya ng'ombe, iliyoiva. Ya kuku ina chumvi nyingi, na wewe kwa sasa hujui una chumvi kiasi gani tayari. Laini za matone tutazungumza ukishakuwa na maji ya kupitisha humo.

Jambo moja hujaandika na nimelitafuta mara mbili kwenye maelezo yako. Kutoka kisimani mpaka kwenye mikoko ni hatua ngapi? Na mwaka jana aliyekodi hapo alipanda nini, na kwa nini hayupo? Nijibu hayo kabla ya Ijumaa.