Treni haifiki Civita di Bagnoregio
Wengi huuliza kama unaweza kwenda kwa treni mpaka Civita di Bagnoregio, mji mdogo wa kale nchini Italia. Hapana, Civita hakuna treni. Ukitoka Roma kwa treni unashuka Orvieto, unachukua basi la kampuni ya Cotral hadi Bagnoregio, mji wa jirani, kisha unatembea mpaka lilipo daraja la waenda kwa miguu, lililojengwa 1965. Ndiyo njia pekee ya kuingia. Gari linabaki huku nje. Wapo wanaosema kiingilio ni bure, ila hao wanakumbuka zamani. Unalipa tangu 2013, ilianza yuro 1.50, sasa ni yuro 5.

Najua kwa sababu rafiki yangu ni mwenyeji wa mkoa wa Viterbo na alinipeleka yeye mwenyewe. Aliniambia wenyeji huiita Civita “mji unaokufa”: umekaa juu ya mwamba laini wa volkano, chini yake udongo wa mfinyanzi, na kingo zinamomonyoka kidogo kidogo tangu enzi za Waetruski, watu wa kale wa Italia kabla ya Warumi.

Ila Jumapili na sikukuu usitegemee basi, sisi tulikwenda na gari lake. Na daraja lina mwinuko mkali mwishoni, kwa hiyo begi la magurudumu liache Orvieto. Mimi nililiburuta, nikajuta.