Mawimbi ya nywele hayapakwi, shoga yangu

Miaka kama sita nyuma nlialikwa harusi Likoni, mi nakaa Kibokoni huku kisiwani Mombasa, basi asubuhi nikaingia saluni moja hapo mjini nikapigwa pasi nywele zote mpaka kiunoni. Masaa mawili na nusu nimekaa kwenye kiti. Zikatoka zimelala tuli, ukipitisha kidole hakikwami popote, nikalipa, nikajitanda mtandio polepole kama mtu aliyebeba mayai kichwani, tukateremka feri. Sa we unaijua feri mwezi wa pili, kaskazi imechacha, watu wamebanana, jasho lateremka mgongoni ndani ya buibui na upepo wenyewe ni wa chumvi. Kufika ukumbini wanawake washavua mabuibui, wamejipamba, udi unafuka, mi nami nikavua mtandio na binti ya shangazi yangu akanitazama akaniuliza, "Dada, kwani hukuwahi kuchana?"

Zilikuwa zimetimka. Huku zimelala, huku zimefura, ncha zimesimama kama ufagio wa chelewa, na harufu ya kuungua bado ipo japo nilijifukiza. Wiki ile ile nikaanza kuona vipande vifupi vifupi kwenye beseni la kunawia, ndipo nikajua nilipigwa pasi nywele hazijakauka sawasawa. Maji yaliyobaki ndani ya unywele yakikutana na ule moto yanachemka humo humo, yanakuwa mapovu ya mvuke, na unywele unapasuka kutoka ndani. Ukisikia pasi inalia "tsss" kichwani mwako we simama utoke, usione haya, pesa zitarudi nywele ndo hazirudi haraka.

Nasema yote haya manake sa hivi kila nikienda kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya harusi, naulizwa, dada unapaka nini, na jibu langu huwaudhi watu. Karibu hakuna. Mawimbi hayapakwi, unayo ama huna, na wengi wenu mnayo tele ila hamjawahi kuyaona kwa sababu mnayaua ndani ya ile saa moja ama mbili baina ya kuosha na kukauka.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na nywele mpaka nyongani na zilikuwa na mawimbi mpaka uzeeni, meupe, yamepangana kama mchanga maji yakitoka. Alikuwa akiosha Ijumaa asubuhi, kisha anakaa uwani kwenye kigoda amezitandaza mgongoni juu ya leso na hazigusi. Hazigusi kabisa! Mimi mtoto nikija na kitana nimchane ananipiga mkono, "Ziwate zikauke, wazitakiani?" Nlidhani ni uvivu wa wazee. Kumbe yeye ndo alikuwa anajua.

Manake iko hivi. Unywele ukirowa, vifungo fulani vidogo ndani yake vinalegea, ukikauka vinafunga tena, na vinafunga katika umbo ule ule ambao unywele umelala wakati huo. Ndo maana ukisuka nywele mbichi ukaja kufumua asubuhi zimejikunja, na ndo maana pasi inanyoosha. Sasa we umetoka kuoga, umezisugua na taulo kama unasugua sufuria, umezichana tena, umezibana na kibanio, umezifungua, umezichana mara ya tatu, unategemea zishike umbo gani? Na hapa kwetu hewa ina maji mwaka mzima, hivyo vifungo vinalegezwa tena na hewa yenyewe, pasi yako ya shilingi ngapi sijui inaanza kufumuka kabla hujafika Buxton. Mombasa si mji wa pasi. Mi nishakubali.

Kama hujui unazo ama huna, jaribu siku moja ambayo hutoki. Osha, tia kondishna ya kutosha, chana humo humo zikiwa na kondishna, suuza, wacha. Usipake mafuta, usifunge, keti mbali kidogo na feni ufanye mambo yako. Zikikauka zimejipinda kama herufi S hata kama ni legevu legevu, basi unazo. Kuna yule aliyekuwa msusi wa Oprah Winfrey, Andre Walker, alizipanga nywele kwa namba, 1 ni singa, 2 ni mawimbi, 3 ni za kujiviringa, 4 ni kipilipili, watu kwenye intaneti wanagombana na hizo namba usiku kucha, lakini mi kichwa changu kimoja kina namba mbili, hapa mbele kwenye paji ni singa tupu na kule kisogoni mawimbi yamekaza. Huku pwani tumechanganyika bwana, dada wawili tumbo moja mmoja singa mmoja pilipili, usihangaike na namba.

Sa tuje kwenye maji, na hapa ndo nlipoteza muda mwingi kwa kutojua. Maji ya bomba unajua yanavyokuja, siku yanakuja siku hayaji, wengi tunaoga ya kisima. Na kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, yani chokaa, kwa hivyo maji ya kisima yanatoka na chokaa yake na chumvi yake. Tazama birika lako la umeme ndani. Ule ukoko mweupe unaoukwangua na kisu, ndo huo huo unaoganda kwenye nywele kidogo kidogo kila ukiosha, ukichanganyika na sabuni ndo basi, nywele zinakuwa nzito, kavu, hazing'ari, mawimbi hayana nguvu ya kujikunja. Mi nlikuwa nabadilisha shampuu kila mwezi nikilaumu shampuu, maskini.

Ninachofanya, naoshea ya kisima kama kawaida manake shampuu inakula maji mengi, lakini suuzo la mwisho ni mtungi wa maji matamu, lita tano zanitosha, ama ya bomba niliyoyateka siku yalipokuja ama nanunua kwa mwenye mkokoteni. Mara moja kila wiki mbili natia siki kijiko kimoja cha mezani kwenye lita moja ya maji, namwagia, nangoja dakika mbili, nasuuza. Harufu inaondoka zikikauka. Usizidishe ukadhani siki nyingi ndo dawa, na kama ngozi ya kichwa ina vidonda ama umejikuna wacha, itawasha utalia. Na mwezi wa tano masika yakipiga mi natega ndoo chini ya mfereji wa paa, mvua ya kwanza naiwacha ioshe paa, ya pili nakinga. Maji ya mvua hayana chokaa. Mawimbi yangu ya mwezi wa tano hayana mfano, mashallah.

Sabuni ya kipande usitie kichwani, ni kali, inainua magamba ya unywele na ikikutana na maji ya kisima inaacha utando. Bibi hakuwa na shampuu, alikuwa na majani ya mkunazi yaliyokaushwa yakatwangwa, ukiyatia maji ukayapiga yanatoa povu jepesi, yanasafisha bila kukwangua mafuta yote. Sisi watoto tulikuwa tunakimbia manake majani hayo hayo ndo huoshewa maiti, ukiitwa uoshwe na mkunazi unahisi umeshaandikiwa. Siku hizi mi natumia mara moja moja, unga wake unapatikana kwa wauza dawa za miti, ila uchunge usije ukaacha chengachenga kichwani ukaenda harusini watu wakadhani ni mba.

Kabla ya kuosha, mafuta ya nazi. Kabla, sio baada! Mafuta ya nazi ni katika mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele, yanapunguza ule uharibifu wa unywele kufura kwa maji, kwa hivyo nayapaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, vijiko viwili, kutoka shingoni kwenda chini, nasonga msongo mmoja nalala. Lakini ukiyapaka baada, mawimbi yanalala kwa uzito. Mawimbi si kama kipilipili, hayabebi mafuta mengi, na mi hili lilinichukua muda manake kila mtu ninayemjua anapaka mafuta mpaka mto unang'ara.

Baada ya hapo chanuo la meno mapana, kuanzia ncha kupanda juu, pole pole, nywele zikiwa na kondishna na maji, manake unywele mbichi ni dhaifu unavutika kisha unakatika. Nikishasuuza sichani tena mpaka kuosha kwengine. Ndiyo, umesikia. Naosha mara mbili kwa wiki, nachana mara mbili kwa wiki.

Halafu leso. Taulo lina vinyuzi vinavyoshika nywele na kuzitimua, ntakwambia chukua leso kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imelainika. Yangu ilikuwa ya mamangu, nyekundu ambayo sa hivi ni waridi, jina lake limefutika limebaki herufi mbili tatu, imetoboka pembeni, ukiishika ni kama ngozi ya mtoto. Nainama, nywele zote zinaanguka mbele, nazikusanya kwa leso kutoka kwenye ncha nazisukuma kuelekea kichwani, nazifinya, nahesabu mpaka tano, nawachia. Hapa, pale, upande mwengine. Sisugui, nafinya tu, maji yanaingia leso na mawimbi unayaona yanakuja yenyewe mbele ya macho yako. Kisha naitandaza leso juu ya kitanda, naziweka nywele katikati zimejikusanya, nafunga ncha za leso kisogoni, dakika ishirini, nakunywa chai. Nikifungua ndo mwisho wa mkono wangu kichwani mpaka zikauke kabisa.

Jeli je? Nlijaribu za dukani, zingine nzuri zingine zinabanduka vyeupe vyeupe. Nikarudi kwa uwatu. Kijiko kimoja cha uwatu kwenye kikombe cha maji, ulale, asubuhi una ute, uchuje kwa kitambaa, ufinye kwenye nywele zikiwa bado zadondoka maji. Unashika vizuri wallahi, na mawimbi hayawi magumu. Tatizo ni harufu. Mara ya kwanza nilipotia mume wangu akaingia chumbani, akanusa, akaniuliza kama nina habari ya kumpa, manake nyumba nzima inanuka mzazi wa arubaini. Sa hivi naongeza marashi ya halwaridi, inasaidia nusu. Usiyetaka uwatu chemsha mabenda (bamia) sita, ute wake kazi ni ile ile na hauna harufu, ila haukai, siku tatu kwenye friji umeshachacha.

Na glisarini wachana nayo huku. Kwenye video wanaisifu sana, lakini hiyo kazi yake ni kuvuta maji ya hewani, na hewa yetu haina uhaba, nlipaka wakati wa kaskazi nywele zikafura zikanata mpaka mtandio ukashika.

Sasa sisi wa mtandio. Swali naloulizwa zaidi ni hili, nikioga asubuhi natakiwa kazini saa mbili, nifanyeje? Usioshe asubuhi. Kufunga nywele mbichi ndani ya mtandio kwa joto hili ndo njia ya kukaribisha mba na harufu na kuwashwa, tena mawimbi yanakauka yamebonyea pale penye kofia ya ndani. Osha baada ya alasiri siku unayokaa nyumbani, zikauke kabla ya kulala. Ukitoka, zikunje legevu chini ya kisogo kwa kibanio cha kitambaa, kofia ya ndani iwe ya satini ama pamba laini, isiwe ile ya kubana inayoacha alama. Usiku zikusanye utosini mara moja bila kukaza, foronya ya satini. Siku ya pili rowesha mikono tu na maji, finya ncha, basi.

Zikiwa ndefu sana na zote urefu mmoja, uzito unayavuta mawimbi ya juu yananyooka, yanabaki huku chini tu. Mi nilikatwa kwa ngazi, si fupi, vidole vinne vidole vitano vya tofauti, na ya juu yakapanda wiki hiyo hiyo.

Lakini zilizoungua haziponi, hilo nisikudanganye, hakuna siki wala uwatu wa kurudisha unywele uliopasuka. Nywele zinakua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, kwa hivyo nlikuwa nakata kipande kila baada ya miezi mitatu minne, karibu miaka minne yote. Kipande cha mwisho alinikata binti ya shangazi yangu yule yule, uwani kwao, mkasi mkononi, akashika lile wimbi la kisogoni akalivuta likarudi juu lenyewe, akalivuta tena. "Hebu nambie kweli," akasema, "wapaka nini?"