Maji Tunayoyanywa Sote, Mbona Yamdhuru Baba?

SWALI: Assalaam alaykum Daktari. Baba yangu amerejea nyumbani Pemba baada ya kuanza dawa za saratani Dar es Salaam. Amekatazwa kunywa maji ya mtungi na kutembea pekupeku shambani. Maji hayo tumeyanywa tangu utotoni bila ya kudhurika. Ni bakteria gani huyo anayembagua mgonjwa?
Msomaji, Wete.

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Bakteria habagui, kinachotofautiana ni kinga ya mwili. Mfano ni Pseudomonas aeruginosa, akaaye udongoni, kwenye masinki, ndoo na popote penye unyevunyevu. Mwaka 1882 mfamasia wa Kifaransa, Carle Gessard, alimtambua katika bendeji za majeraha zilizogeuka rangi ya buluu na kijani.

Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na chembe nyeupe za aina ya nutrofili zisizopungua 1,500 katika kila mikrolita ya damu, nazo humla bakteria huyo kabla hajajijenga. Dawa nyingi za saratani hudhoofisha uboho unaozitengeneza chembe hizo, na mara nyingi hesabu yake hushuka mno kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Ikiwa chini ya 500, hata mchomo wa mwiba mguuni waweza kuwa mlango wa kuingilia damuni.

Ama mtungi, nadhani kinachotisha zaidi ni ule utelezi wa ndani na kata inayopita mikononi mwa kila mtu. Utelezi huo ni utando ambao bakteria huujenga na kujificha humo, na kusuuza tu hakuutoi, hivyo kuchemsha maji kisha kuyarudisha mtungini ni kazi bure. Mtengeeni jagi lenye kifuniko, lioshwe kwa sabuni na kukaushwa kila siku. Maji yamiminwe, yasichotwe.

Lakini ninaloliogopa zaidi ya mtungi ni homa. Joto lake likifika 38°C, hata usiku wa manane na hata akisema ni mafua tu, mpelekeni hospitali papo hapo pamoja na karatasi zake za matibabu, wala msianze kwa kumpa parasetamoli, kwani itashusha joto na kuuficha ugonjwa. Msingoje kuona usaha: usaha hutokana na chembe nyeupe zilezile alizopungukiwa, kwa hiyo homa huenda ikawa dalili pekee. Na amoksilini ya dukani haimuui bakteria huyu.